Hayupo, au Haruhusiwi?

(Maneno haya niliyasema mbele ya wachezaji wa michezo ya mezani mjini Mombasa. Nimeyaandika upya kutoka kwenye vidokezo vyangu. Vicheko na simu zilizolia nimeziacha nje.)

Ndugu zangu, dada zangu, na nyinyi wazazi wachache mliokaa safu ya nyuma kuhakikisha watoto hawafundishwi uchawi: shikamooni, na asanteni kwa kufika.

Kwa ajili ya hao wa nyuma, maelezo mafupi. Mtu mmoja, tunamwita mchezeshaji, anatunga dunia: miji, wafalme, njaa, majoka. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, na jambo likiwa la mashaka hurushwa dadu yenye pande 20. Mhusika anaweza kuwa binadamu, anaweza pia kuwa kiumbe mwingine kabisa, na hapo ndipo ugomvi wetu wa leo unapoanzia. Je, mchezeshaji ana haki ya kusema, kwangu huyu hachezwi? Kwangu hakuna elfi, yule wa masikio marefu; orki, lile dude la vita, abaki huko huko; wana wa joka wasinisogelee? Nimeona meza ikivunjika kwa swali hili, watu wakikunja karatasi zao kabla dadu haijarushwa hata mara moja.

Mimi nilikuwa mkatazaji. Nilikuwa na orodha ndefu na nilijivunia. Kisha akaja binti mmoja kujiunga na kampeni, yaani hadithi moja ndefu ya vikao vingi, iliyokwisha kuanza, na mhusika wake amemchora tayari: tiflingi, yaani mtu ambaye ukoo wake ulichanganya damu na mashetani zamani za mababu, mwenye pembe na mkia. Pembe alikuwa amezivisha pete moja moja, kwa kalamu za rangi. Nikamwambia, "Mwanangu, kwenye dunia yangu tiflingi hayupo." Akanitazama. Akaniuliza, "Hayupo, mwalimu, au haruhusiwi?"

Nikamjibu kama wakubwa tunavyojibu tukiishiwa: yote mamoja. Nimekaa na swali lile miezi kadhaa, na nimekuja kuwaambia kwamba si mamoja hata kidogo.

Lakini lugha kwanza, maana sisi tunacheza kwa Kiswahili na Kiswahili kina mitego yake. Wahusika wawili wa kwanza nilioandikiwa na wanafunzi wangu walikuwa "elfu" na "kenda". Mwenye hesabu zake angesema hao ni elfu moja na tisa. Tukakubaliana elfi aandikwe kwa i. Kenda tukamwacha na tisa yake, na habari zake zinakuja.

Mtego wa pili hauchekeshi. Yule mtu mfupi mwenye ndevu na shoka, anayechimba milima, wengi mnamwita mbilikimo. Mimi neno hilo nimelifukuza mezani. Mbilikimo si kiumbe wa kubuni. Ni jina walilobandikwa watu wa kweli, Wambuti wa msitu wa Ituri na Watwa wa Maziwa Makuu, na huku mitaani ni jina wanalotupiwa watu waliozaliwa na maumbile mafupi. Huwezi kuwaweka watu walio hai kwenye orodha moja na orki halafu ukasema ni mchezo tu. Kwangu mimi huyo ni dwafu, na yeyote asiyelipenda neno alete jingine.

Na orodha yenyewe tuiite nini? Ukisema "makabila" mbele ya Wakenya, kila mtu anakaa vizuri kwenye kiti. Kiingereza nacho kimehangaika. Desemba 2022 kampuni ya Wizards of the Coast, wenye mchezo mkongwe wa aina hii, Dungeons & Dragons, walitangaza kuliacha neno la zamani, "race", na kitabu cha wachezaji cha 2024 kikaja na spishi. Wenzao wa Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiyo hiyo, walikwisha kuchagua nasaba mwaka 2019. Spishi kwangu inanuka darasa la biolojia, vyura ndani ya chupa. Mimi nasema mbari. Linatosha kuwa la ukoo, na halijachafuliwa na kampeni za uchaguzi.

Kitabu hicho cha 2024 kilifanya jingine pia: mtu wa nusu elfi na mtu wa nusu orki hawamo tena kwenye orodha. Najua sababu waliyoifikiria; hesabu ya nusu nusu ni hesabu mbaya, na sisi wenyewe tunajua neno chotara linavyotamkwa likikusudiwa kuumiza. Lakini nina mchezaji ambaye baba yake ni wa bara na mama yake ni wa visiwani, na kwa miaka yote amekuwa akicheza nusu elfi, kwa sababu ndiye mhusika pekee anayeulizwa kila aendako "wewe hasa ni wa wapi?" Alipoona orodha mpya alisema kitu kimoja tu: wametuheshimu mpaka tumetoweka.

Sasa turudi nyuma. Dungeons & Dragons ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kwenye vile vijitabu vya kwanza uliweza kuwa binadamu, dwafu, elfi, au hobiti, yule mfupi wa miguu yenye manyoya ambaye baadaye ilibidi abadilishwe jina. Hakuna aliyezuiwa mlangoni. Kizuizi kilikuwa kwenye ngazi za nguvu ambazo mhusika huzipanda. Binadamu alipanda bila mwisho. Dwafu mpiganaji aliishia ngazi ya 6, yule mfupi ngazi ya 4. Karibu ndani, ila sebuleni usiingie. Ilichukua hadi toleo la tatu, mwaka 2000, kanuni hiyo kuondolewa kabisa.

Nisimwonee Gygax. Alikuwa na hoja, na ni hoja nzuri. Alitaka dunia ambayo kitovu chake ni binadamu. Elfi anaishi mamia ya miaka, anaona gizani, anashika upanga huku anaroga. Asipowekewa mpaka, ni nani atakayekubali kuwa mtu wa kawaida? Meza nzima itajaa maajabu na hakutakuwa na wa kushangaa.

Lakini vijitabu hivyo hivyo vilisema pia kwamba mchezaji anaweza kuwa karibu kiumbe chochote, hata joka, mradi aanze akiwa mchanga na dhaifu, kisha akue. Na kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote vya mchezo huu, cha meza ya Arneson kule Minnesota, kabla kitabu hakijachapwa. Mchezaji mmoja akageuka mnyonya damu. Akapata nguvu mpaka akawa tishio kwa wenzake. Arneson angeweza kusema basi, haruhusiwi. Badala yake ulitungwa mhusika wa kumwinda mnyonya damu, mwenye nguvu za dini, na kutoka kwa mwindaji huyo ikazaliwa kazi ya kuhani ambayo hadi leo nusu ya meza duniani haziwezi kucheza bila yeye. Mnyonya damu angefukuzwa siku ile, kuhani asingekuwepo.

Miaka ya 1980 ikaja hofu ya uchawi. Wazazi wa Marekani walishika vitabu hivi kwa ncha za vidole, kama mnavyovishika nyinyi wa nyuma. Toleo la pili la 1989 likatoka limefagiliwa: mashetani wakabadilishwa majina, kazi ya muuaji wa kukodiwa ikaondolewa, na nusu orki akafutwa kwenye orodha ya wachezaji, ingawa toleo lililotangulia lilikuwa naye. Sasa sikilizeni vizuri. Orki mwenyewe hakufutwa. Alibaki kwenye kitabu cha madude, na machifu wake, na wake zake, na watoto wake, na idadi ya sarafu utakazozikuta ukimuua. Kilichoondoka ni nafasi ya wewe kuliona pigano kutoka upande wake.

Hiyo ndiyo maana ya haruhusiwi. Yupo, ana lugha, ana miji, anazika wafu wake, lakini mezani hana msemaji.

Wengi wenu mlianzia kwenye kompyuta, mnajua World of Warcraft. Mwaka 2004 ulianza na mbari nane, nne kila upande, na orki alikuwa mmoja wa wachezwao, sawa na binadamu. Nawasifu kwa hilo. Walichofanya cha ajabu ni kwamba ulipomwandikia mtu wa upande wa pili, maneno yako yalimfikia yamegeuka upuuzi usiosomeka. Kila mbari ilikuwa na wachezaji wa kweli nyuma yake, na mchezo uliwazuia wasielewane. Sijui kama ni ukatili au ni busara, lakini huyo orki si dude tena, maana unajua kuna mtu pale anayebonyeza vitufe na kukasirika kama wewe. Na goblini wa Pathfinder, waliokuwa vichekesho vya kuchinjwa, mwaka 2019 wakaingizwa kwenye kitabu kikuu pamoja na elfi na dwafu. Baadhi ya watu walilalamika kwamba wataharibu kila meza. Meza bado zimesimama.

Hapo mtadhani nimekuja kuwaambia wafungueni wote. Hapana. Nisikilizeni kuhusu Athas.

Mwaka 1991 ilitoka dunia ya mchezo iitwayo Dark Sun, na nchi yake ni Athas. Jua jekundu, mchanga hadi macho yanapoishia, chuma ni adimu hivi kwamba watu wanapigana kwa mifupa na vioo vya volkano. Uchawi wa huko unanyonya uhai wa mimea; ndio uliokausha nchi. Mbari zake zimepindwa. Elfi si wale wapole wa msituni, ni wakimbiaji wa jangwani na wachuuzi usioweza kuwapa kisogo. Kuna viumbe kama vunjajungu, wakubwa kuliko mtu, wasiolala. Kuna mul, mseto wa dwafu na binadamu, aliyezalishwa makusudi awe mtumwa na mpiganaji wa uwanjani. Mtu wa pwani hii hawezi kumsoma mul bila kukumbuka kitu. Na wale wafupi wa miguu yenye manyoya wamekuwa wala watu wa msituni, jambo ambalo lina harufu ya porojo za wasafiri wa kizungu juu ya misitu ya Afrika, na sitalipita kimya.

Nomu hawamo. Wale wadogo wenye pua kubwa na akili ya mitambo, hakuna hata mmoja. Orki pia hakuna. Mtu asiyejua atasema mtunzi hakuwapenda. Lakini ukiichimba dunia ile unakuta kwamba zamani alikuwepo mchawi wa kwanza, Rajaat, aliyewaumba mabingwa wake na kumkabidhi kila mmoja mbari ya kuifuta. Wengine walishindwa. Aliyepewa nomu, Gallard, aliimaliza kazi. Leo anaitwa Nibenay, na ni mfalme wa mji wenye jina hilo hilo.

Kwa hiyo mchezaji akiuliza, "Naweza kuwa nomu?", anajibiwa na historia: waliuawa wote, na aliyewaua anatawala mji ule unaouona kwenye ramani. Ukiwarudisha nomu Athas ili kumfurahisha mtu mmoja, umemfutia mfalme yule makosa yake. Pale kutokuwepo kwao kunasema kuliko ambavyo kuwepo kungesema. Toleo la 2010 lilipoingizwa tiflingi na watu wa joka kwa sababu walikuwemo kwenye kitabu kikuu cha wakati huo, mimi nilihisi kama wageni wamekaribishwa matangani na sahani zao.

Si lazima kila pengo liwe la damu. Dragonlance, dunia ya mwaka 1984, haina orki kabisa, na hakuna anayewalilia, kwa sababu hawakuwahi kuwepo wala hawachinjwi. Hao hawapo kweli. Mahali pa wale wafupi wa kawaida walitungwa kenda, wasiojua hofu na wasiojua mali ya mtu. Kenda ni mdokozi asiye na nia mbaya: mfuko wako utaukuta kwake, na atakushangaa ulivyoupoteza. Meza nyingi zimewapiga marufuku kenda, na hapo siwalaumu wachezeshaji hata kidogo. Marufuku ile inamlenga kijana fulani anayejificha nyuma ya kenda ili awaibie wenzake kila Jumamosi na kusema "ndivyo mhusika wangu alivyo". Kenda kama mbari hana kesi. Mkanye kijana.

Upande wa pili kuna Eberron. Mwaka 2002 Wizards of the Coast walitafuta dunia mpya kwa shindano, wakapokea mapendekezo zaidi ya 11,000, akashinda Keith Baker, na dunia yake ikachapishwa 2004. Msimamo wake ni kwamba kilichomo kwenye Dungeons & Dragons kina mahali pake Eberron. Ungetarajia gulio, kila aina ya pembe na mabawa wakigongana mabega. Lakini Baker alifanya kazi ngumu: goblini wale wanaodharauliwa mijini walikuwa na dola kubwa, Dhakaan, kabla binadamu hawajatia nanga, na miji ya binadamu imejengwa juu ya magofu yao. Akaongeza wanajeshi wa kutengenezwa, wa mbao na chuma, walioundwa kwa ajili ya vita. Vita vikaisha, mkataba ukawapa uhuru, na hakuna aliyewaambia wafanye nini nao. Huo ni ukaribisho wenye mpango. Kila mgeni amepewa kiti, na kiti kina historia.

Wachezeshaji wengi hawana nguvu hizo, mimi nikiwemo. Tuna kazi, tuna foleni ya matatu, tunatunga dunia usiku wa Ijumaa. Ukisema "wote karibuni" bila kuwafikiria, unapata elfi aliye binadamu mwenye masikio marefu na mwana wa joka aliye binadamu mwenye magamba. Hakuna anayemlaumu mpishi wa pilau kwa kutotia nazi; amejua anachopika. Dunia ya binadamu watupu inaweza kuwa tajiri kuliko ile yenye mbari 40. Kata, kata sana ukipenda, lakini unachokikata kisibaki kinatembea vichochoroni kikisubiri kuchomwa mkuki.

Hilo lilinifika nyumbani kwa njia nyingine. Dunia yangu ni ya bahari: majahazi, miji ya mawe, kusi na kaskazi vikiamua nani anasafiri lini. Nilipoanza niliwaweka majini kama mbari ya kuchezwa, watu wa upepo. Nilidhani nimewapendeza watu wa pwani. Kijana mmoja, mwenye adabu zake, akanivuta kando. "Mwalimu, kwako jini ni hadithi. Kwangu ametajwa kwenye Kurani. Siwezi kumrushia dadu." Hakukasirika, hakutaka wengine wakatazwe, alitaka kujua kama aache kuja.

Njia rahisi ilikuwa kumwondoa jini kwenye orodha ya wachezaji na kumbakiza kama adui pangoni. Vitabu vilivyofanya hivyo kwa orki viko vingi. Lakini hilo lingekuwa ni kumtusi mara mbili: nimemkataza kumcheza, halafu namlazimisha ampige. Nikamwondoa kabisa. Usiku mzima niliandika upya visiwa vitatu. Sasa pale hayupo, na ukiniuliza nitakuambia hayupo bila kupepesa. Na tangu siku hiyo orodha naitoa kabla mtu hajachora pembe hata moja. Kumkatalia mtoto mhusika aliyempaka rangi wiki nzima ni ukatili mdogo usio na faida.

Kumbe nilikuwa nimeshaufanya. Baada ya swali la yule binti nilikwenda kufungua daftari langu la kampeni, nikitaka kuhakikisha tu kwamba nilisema kweli. Kikao cha tatu, bandarini, alikuwepo mtoza ushuru. Nilikuwa nimemwandika kwa haraka, nikitafuta mtu wa kutisha wa kuwazuia wachezaji wasishushe mizigo. Nilimpa pembe. Nilimpa mkia. Wachezaji walibishana naye juu ya ada, dadu zikawachachia, wakamuua na kumtupa baharini, na mimi nikasahau hata kumpa jina.

Alikuwepo. Alikuwepo vya kutosha kufa.

Nikampigia simu mama wa yule binti, nikaomba kuzungumza na binti. Nikamwambia, "Ulikuwa na haki. Hakuruhusiwa tu." Akanyamaza kidogo, akauliza yule mtoza ushuru alikuwa na watoto. Nikasema sijui, daftari halisemi. Akasema basi alikuwa na mmoja.

Jumamosi ijayo mhusika wake anashuka bandarini na pembe zake za pete, anakuja kudai dia ya baba yake kutoka kwa watu wanne ambao watatu wao, naona, wamekaa safu ya pili hapa na wamenyamaza ghafla.

Haya, niko tayari kwa maswali. Na wewe wa dirishani uliyeficha karatasi ya kenda chini ya daftari, nimekuona.